Jinsi ya kusimulia anguko la Jenerali Silvestre bila watu kukukimbia katikati

Stori ya huyu jenerali nimeisimulia mara nne mpaka sasa na mara ya kwanza niliiharibu vibaya. Nilirekodi kwa simu, dakika 18, nikairusha kwenye grupu letu la wapenda historia, nikaanza vile tulivyozoeshwa shule, yaani kazaliwa mwaka fulani, baba yake kazi fulani, kasoma chuo fulani, kapanda cheo hiki na kile, na kabla hata hajafika Moroko jamaa wakawa wameshahamia kwenye mechi ya jana. Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, alikuwa amekaa pembeni anatafuna muwa huku anasikiliza, akaniuliza, "Mjomba, kwani hao askari huko juu mlimani maji walikuwa wanateka wapi?" Nikabaki namwangalia. Tarehe zote nilikuwa nazo, vyeo vyote nilikuwa navyo, hilo sikuwahi kujiuliza, na nilipoenda kutafuta jibu ndo nikakuta stori yenyewe imelala hapohapo.

Kwa hiyo haya ni maelekezo kwa yeyote anayetaka kuisimulia, iwe darasani, kijiweni, kwenye vidio au sebuleni umeme ukikatika. Unahitaji karatasi moja, kalamu mbili za rangi tofauti na chupa ya maji. Chupa utaiona kazi yake mbele.

Kwa ambaye hamjui kabisa huyu mtu, Manuel Fernández Silvestre alikuwa jenerali wa Hispania, ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la Melilla kaskazini mwa Moroko, na Julai 1921 jeshi lake likasambaratika ndani ya siku chache mbele ya wapiganaji wa milima ya Rif waliokuwa wachache kuliko wao, yeye mwenyewe akafia palepale kwenye kambi ya Annual. Ni moja ya vipigo vikubwa kabisa ambavyo jeshi la kikoloni limewahi kula Afrika. Adwa ya Ethiopia wengi tunaijua, hii hata kwenye maongezi haitajwi, sijui kwanini.

Anza na karatasi, mtu usimtaje kwanza. Chora mstari juu, hiyo ni pwani ya Mediterania. Upande wa kulia weka doti kubwa uandike Melilla, mji ambao Hispania inao tangu 1497 na mpaka leo haijauachia. Upande wa kushoto weka doti nyingine, ghuba ya Alhucemas, huko ndo jenerali alikuwa anataka kufika. Katikati, ila ukiisogeza kidogo kushoto, andika Annual, ni kama kilomita 60 kutoka Melilla ukipima kwa rula. Sasa barabara yenyewe haikwenda kwa rula, inashuka kusini kupitia Zeluán na Monte Arruit, inapinda magharibi mpaka Dar Drius, inapanda Ben Tieb, halafu inabana kwenye njia ya milimani pale Izumar ndo inadondokea Annual. Hiyo njia ichore nene kwa sababu mwishoni watu watairudia mbio hiyohiyo, kwa kinyume.

Ukimaliza chukua kalamu ya pili utie nukta ndogondogo kila mahali, zaidi ya 100. Hizo ni vituo vya jeshi. Ukisema ngome watu watafikiria Fort Jesus, sio hivo kabisa, vingi vilikuwa magunia ya udongo yamezungushwa juu ya kilima, seng'enge nje, mahema ndani, na vijana wachache wa Kihispania waliovaa viatu vya kitambaa vyenye soli za kamba. Kilimani ndiyo, kwa sababu ukiwa juu unaona mbali. Lakini juu ya kilima hakuna kisima. Kila siku ilibidi nyumbu wafungwe mapipa, wateremke mpaka kijito, watu wenye bunduki wakiwasindikiza, wajaze, wapande tena. Hapa punguza kasi, sema polepole kwamba anayetaka kuua kituo cha namna hiyo hahitaji mzinga, anahitaji watu wachache wenye shabaha wakae karibu na kijito wasubiri.

Ukishalisema hilo, msikilizaji wako ameshaelewa mwisho kabla hajakutana na jenerali, na ndo tunavyotaka, kwa sababu kuanzia hapo kila kilima kipya ambacho Silvestre anakiteka, msikilizaji anakihesabu kama nyumbu mwingine wa kuteremka mtoni.

Sasa mlete mtu wako, na hapa angalizo kubwa, usimfanye mjinga. Karibu kila anayesimulia hii stori anamfanya zoba mwenye masharubu, na masharubu kweli alikuwa nayo, makubwa, yamepindwa juu, ila zoba hakuwa. Alizaliwa 1871 El Caney, Kuba, wakati Kuba bado koloni la Hispania na baba yake ni mwanajeshi huko. Akasomea uanajeshi Toledo, akarudi Kuba kupigana na wale waliotaka uhuru kuanzia 1895, akiwa askari wa farasi, na huko alikatwa mapanga na kupigwa risasi mpaka mkono wa kushoto ukawa hauna kazi ya maana tena. Fikiria, mtu ametoka kwenye pambano akiwa na matundu ya kutosha kuua watu watatu na bado akapona. Mtu wa aina hiyo akija kuambiwa miaka ishirini baadaye kwamba hapa mbele pana hatari, atasikia nini? Hilo swali liulize halafu usilijibu.

Na usiruke 1898. Marekani inaingia vitani, Hispania inapoteza Kuba, Puerto Rico na Ufilipino kwa mkupuo mmoja, jeshi lina maofisa kibao na makoloni yamekwisha. Kilichobaki cha kupatia nishani na cheo ni kipande cha kaskazini mwa Moroko, na hata hicho walikabidhiwa rasmi kama eneo la ulinzi 1912 baada ya Wafaransa kuchukua sehemu nono. Kwa maoni yangu huwezi kumwelewa Silvestre bila hiki, mahali alipozaliwa palishakuwa nchi nyingine.

Moroko alifika mapema, akajifunza Kiarabu, akafanya kazi Casablanca kwenye polisi, na 1911 akashusha askari Larache upande wa Atlantiki. Hapo ndo anakutana na Raisuni, bwana mkubwa wa milima ya Jebala, mtu wa ukoo wa masharifu na wakati huohuo mtekaji watu maarufu, mwaka 1904 aliwahi kumteka tajiri Perdicaris pale Tangier mpaka Marekani ikatuma manowari. Serikali ya Madrid ilitaka Raisuni abembelezwe, Silvestre akataka amvunje, wakagombana miaka. Kuna maneno yanayosimuliwa kwamba Raisuni alimwambia, mimi na wewe ni dhoruba, wewe upepo mimi bahari, ila bahari haitoki mahali pake na upepo hautulii mahali pake. Kama ni kweli aliyasema au yalitengenezwa baadaye mimi sitaapa, ila yatumie, msikilizaji hatayasahau, mradi useme ni ya kusimuliwa. Mwaka 1915 aliyeondolewa Larache ni Silvestre, sio Raisuni. Akapelekwa Madrid kuwa mpambe wa mfalme Alfonso XIII, na mfalme akampenda.

Hii ya kupendwa na mfalme iguse tu, usiipe dakika tano. Kuna stori ya telegramu ya kumhimiza songa mbele, mwanaume, ambayo inasemekana mfalme alimtumia kabla ya maafa, wanahistoria wanabishana mpaka leo kama iliwahi kuwepo. Ukiiweka kama ukweli kuna mtu atakukamata na atakuwa sahihi.

Ambacho kinahitaji dakika tano ni Berenguer. Dámaso Berenguer naye alizaliwa Kuba, naye wa farasi, rafiki yake wa tangu ujana. Ni mdogo kwa umri na kwenye orodha ya vyeo Silvestre alikuwa amemtangulia, lakini 1919 Berenguer ndo akateuliwa kamishna mkuu wa Moroko nzima ya Hispania, anakaa Tetuán upande wa magharibi, na mwanzoni mwa 1920 Silvestre akapewa Melilla upande wa mashariki, chini yake. Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mtu waliyesoma naye anajua hiyo ladha. Bosi hakuagizi, anakushauri. Wewe humwombi ruhusa, unamjulisha. Barua zinaandikwa kwa upole mpaka hakuna anayejua kama jibu lilikuwa ndiyo au hapana, na mwenzako anashinda vita vyake upande wa magharibi na magazeti yanamwimba, basi na wewe unatembea haraka zaidi ili naye akusome kwenye gazeti.

Na alitembea kweli. Mei 1920 Dar Drius, Agosti Tafersit, Desemba Ben Tieb, tarehe 15 Januari 1921 Annual, Machi Sidi Dris kule pwani. Kwenye karatasi yako weka tarehe pembeni ya kila doti, utaona mwenyewe mstari unavyorefuka kama mpira unaovutwa. Na karibu hakupigana! Ardhi nyingi aliipata kwa maneno na fedha, wazee wa makabila wanalipwa posho, mwaka huo kulikuwa na njaa Rif kwa ukame, watu walihitaji chochote. Mavuno yakiwa mazuri na posho ikichelewa, urafiki wa namna hiyo unakuwa na umri gani?

Sasa hapa wasimuliaji wengi wanakosea tena, wanamwacha Abdelkrim aje mwishoni kama radi. Mlete sasa, mpe nafasi sawa na jenerali, na mpe jina lake kamili, Muhammad bin Abdelkrim al-Khattabi wa Ajdir, kabila la Beni Urriaguel, ambao ghuba ya Alhucemas ndo nyumbani kwao. Huyu hakuwa mtu wa porini asiyewajua Wahispania, aliishi nao Melilla miaka, alifundisha watoto, aliandika upande wa Kiarabu kwenye gazeti lao la El Telegrama del Rif, akawa kadhi mkuu. Mdogo wake alipelekwa Madrid kusomea uhandisi wa madini. Mwaka 1915 wakamfunga kwa maneno aliyokuwa anayasema wakati wa vita kuu, akajaribu kutoroka kwa kushuka ukutani, akaanguka akavunjika mguu, akachechemea maisha yake yote. Kwa hiyo wakati Silvestre anatazama milima kwa darubini, huyu mwenzake alikuwa anajua ofisi za Melilla ndani nje, nani anakula nini, bunduki ngapi zinauzwa mlango wa nyuma.

Msikilizaji wa Kiswahili una bahati naye hapa, maneno mengi hayahitaji tafsiri. Kadhi ni kadhi. Kabila ni kabila. Na kundi la wapiganaji wa Rif linaitwa harka, mzizi wake ni uleule wa haraka na harakati zetu. Ukisema "harka ya Abdelkrim" watu wanaelewa kabla hujamaliza, nimejaribu, inafanya kazi hata kwa bibi.

Kilima cha kwanza kuanguka ni Abarrán, tarehe 1 Juni 1921. Silvestre anatuma watu wavuke ng'ambo ya Annual wakakishike, wanakishika asubuhi bila risasi, wanashangilia, sehemu kubwa ya msafara inarudi, na siku hiyohiyo wale polisi wenyeji, yaani Wamoroko waliotumikia Hispania, waliokuwa ndani wanageuza bunduki, harka inapanda, mchana kituo hakipo. Mizinga minne ikabaki mikononi mwa Warif. Luteni wa mizinga, Flomesta, alikamatwa akiwa amejeruhiwa, wakamtaka awafundishe kuitumia, akakataa, akakataa na chakula, akafa mwisho wa mwezi. Huyu mpe sentensi zake mbili usizidishe, ila usimwache.

Siku chache baadaye Berenguer alikuja kwa meli mpaka mbele ya Sidi Dris, wakaongea melini yeye na Silvestre, wakaachana kila mtu anaamini hali si mbaya. Tarehe 7 Juni Silvestre akaweka kituo kingine kusini mwa Annual, kama kilomita 5, kinaitwa Igueriben.

Hapa ndo unaitoa ile chupa.

Mimi huiweka mezani mbele ya watu, imejaa, imefunguliwa, na nawaambia hakuna anayeigusa mpaka Igueriben iishe. Kama unarekodi sauti tu basi jinywee kwanza na baada ya hapo usinywe, koo lenyewe litakusaidia. Igueriben kulikuwa na watu kama 350 chini ya meja Julio Benítez, na maji yao yalikuwa kilomita kadhaa chini. Tarehe 17 Julai harka ikaziba njia. Siku hiyohiyo msafara mmoja ulifanikiwa kupenya kwa kukimbiza farasi, kapteni Cebollino akaingia na watu wake, lakini mapipa mengi yalitobolewa na risasi njiani na maji yakaishia kwenye vumbi, yaani walisikia yanamwagika. Huo ndo ulikuwa wa mwisho kufika.

Kuanzia hapo twende siku kwa siku na usiharakishe. Ni Julai, Moroko, kivuli ni turubai tu, nyumbu waliokufa wananuka ndani ya seng'enge na huwezi kuwatoa nje. Wakafungua makopo ya nyanya na pilipili, wakanywa ule mchuzi. Ukaisha. Wakanywa siki. Wakanywa marashi ya maofisa. Wakanywa wino. Mwisho wakanywa mkojo wao, wameutia sukari. Ukifika kwenye sukari nyamaza kidogo, usiongeze sauti ya huzuni wala muziki, nimesikia mtu kaweka zeze hapo nikatamani kumpigia simu.

Kutoka Annual walikuwa wanaiona Igueriben kwa macho. Tarehe 19 msafara ukajaribu, ukarudishwa. Tarehe 21 Silvestre mwenyewe alifika Annual kutoka Melilla, likatumwa jeshi kubwa, maelfu, likashindwa kupanda, na inasemekana yeye binafsi alitaka kuongoza farasi kwenda mbele, wakamzuia. Pale juu Benítez akatuma ujumbe wa mwisho, kwamba amebaki na makombora 12 ya mzinga, yahesabuni, la kumi na mbili likilia tupigeni sisi, kwa sababu sisi na wao tutakuwa tumechanganyika. Wakahesabu. Waliofika Annual wakiwa hai ni wachache sana, na inasimuliwa baadhi yao walikutana na maji wakayabugia kwa pupa wakafa hapohapo.

Sasa wape watu chupa.

Usiku ule wa tarehe 21 kuamkia 22 ndani ya hema la Annual maofisa wanabishana. Huu usiku usimulie kama hesabu ya duka. Watu kama 5,000 kambini, wenyeji na Wahispania pamoja. Chakula cha siku kama nne. Risasi za pambano moja. Maji hakuna ya akiba, yako nje, na harka sasa inashuka kutoka Igueriben iliyo tupu. Tubaki? Tutakuwa Igueriben kubwa. Tuondoke? Njia ni ile ya Izumar, nyembamba, vilima pande zote. Silvestre akaamua kuondoka, akasita, akasikia kuna msaada unakuja akataka kubaki, asubuhi akaamua tena kuondoka. Nani alijua mpango? Maofisa wachache. Askari waliona tu wenzao wanafunga mizigo, milio inaanza vilimani, na mwisho kila mtu akaelewa kivyake.

Kilichotoka pale kambini halikuwa jeshi tena. Nyumbu na watu na magari na majeruhi kwenye njia moja, polisi wenyeji waliokuwa wamewekwa kulinda vilima wengi wakageuka, watu wakakata kamba za mizigo wapande wanyama, majeruhi wakaachwa. Silvestre hakuondoka. Inasimuliwa alisimama karibu na hema lake akiwapigia kelele waliokuwa wanakimbia, kimbieni, kimbieni, zimwi linakuja! Mtoto wake wa kiume, ofisa kijana wa farasi, alikuwa ameshapakiwa kwenye gari kwenda Melilla.

Kifo chake sasa, na hapa ndo kipimo cha msimuliaji. Kuna wanaosema alijipiga risasi, kuna wanaosema alipigwa akiwa nje ya hema, na mashahidi wa kuaminika walikufa karibu wote dakika zilezile. Usichague. Waambie hivohivo, kuna simulizi hizi mbili, na nenda mbele. Nilipochagua ya kujiua mara ya pili niliposimulia, mzee mmoja akaniuliza nani aliona, na kweli, nani aliona?

Baada ya yeye kufa stori inaendelea zaidi ya wiki mbili na wengi wanachoka hapa, kwa hiyo chukua vitu viwili tu. Cha kwanza ni kikosi cha farasi cha Alcántara, tarehe 23 Julai walirudia kushambulia kwenye mto Igan, ambao ulikuwa umekauka, ili wenzao wapite, inasemwa zamu ya mwisho farasi walikuwa wamechoka hata kukimbia hawawezi, wanakwenda hatua ya kawaida kuelekea risasi, na karibu wanane kati ya kila kumi wa kikosi hicho walikufa. Cha pili ni Monte Arruit, ipo kwenye karatasi yako, karibu kabisa na Melilla. Jenerali Navarro, msaidizi wa Silvestre, alijifungia humo na watu kama 3,000, na tatizo lao lilikuwa nini? Maji, yako nje ya ukuta. Tarehe 9 Agosti wakakubali kusalimisha silaha, wakatoka, na wengi wakachinjwa palepale langoni. Hili lisiwe la kufichwa kwa sababu unawapenda Warif. Mimi nawapenda na nalisema. Kama utataja hilo basi taja pia kwamba baadaye Hispania iliangusha mabomu ya gesi ya sumu kwenye vijiji vya Rif, halafu msikilizaji ajipimie mwenyewe.

Hesabu ya waliokufa itakusumbua. Utakutana na zaidi ya 13,000 inayonukuliwa kila mahali, na utakutana na watafiti wanaosema karibu 8,000. Sema zote mbili kwa pumzi moja. Wafungwa walikaa Ajdir mpaka Januari 1923, serikali ikawakomboa kwa zaidi ya peseta milioni 4, na waliorudi walikuwa mia tatu na kitu.

Yaliyofuata Madrid yakimbize, nusu dakika inatosha. Jenerali Juan Picasso, wa ukoo wa mama wa yule mchoraji Pablo Picasso, akachunguza, akatoa faili la kurasa 2,433, ila alikatazwa kugusa mipango ya Berenguer. Septemba 1923, kabla bunge halijafika kwenye majina makubwa, jenerali Primo de Rivera akapindua serikali. Berenguer alishitakiwa, akasamehewa, na 1930 akawa waziri mkuu, we niambie. Abdelkrim alitangaza jamhuri ya Rif, akaishikilia mpaka 1926 Ufaransa na Hispania walipomkaba pamoja, akapelekwa kisiwa cha Réunion huku kwetu Bahari ya Hindi, akakaa miaka 20 na ushee, 1947 meli ikiwa inampeleka Ufaransa akashukia Misri, akafia Cairo 1963. Kila mara nikifika hapa kuna mtu anataka nigeuze stori iwe ya Abdelkrim. Mwambie hiyo ni wiki ijayo.

Mambo madogo ya kiufundi. Majina yajaribu mdomoni mapema, Igueriben ile "u" haisikiki, sema Igeriben, na Annual sema Anwal kama wenyewe wanavyosema, usiisome kama mkutano wa mwaka. Jumla isizidi dakika 20 na tano kati ya hizo ziwe za Igueriben, ukizidiwa kata Larache, usikate maji. Karatasi usiichore kabla, ichore mbele yao, doti moja moja. Na ukisimulia mbele ya watoto ile ya wino na mkojo wataipenda kupita kiasi, watakuuliza wino wa rangi gani, jiandae.

Ukomee wapi? Nilishajaribu kumalizia na Franco, yule dikteta wa Hispania wa baadaye, aliyeletwa Melilla siku zilezile na kikosi chake, nikaona nafungua mlango wa nyumba nyingine kabisa. Siku hizi namalizia na kanali Gabriel de Morales. Alikuwa ofisa wa masuala ya wenyeji Melilla, anaijua Rif, anajua lugha, alifahamiana na Abdelkrim tangu siku za ukadhi, na alikuwa mmoja wa wale waliomwonya Silvestre kwamba anakwenda haraka mno. Aliuawa kwenye ule mkimbio wa Izumar. Abdelkrim aliposikia akaagiza mwili utafutwe, ukapatikana, akawarudishia Wahispania ili wakamzike.

Mtu lazima atauliza, na wa jenerali je? Mjibu kwamba haukupatikana, halafu kunja karatasi yako.